Mafunzo na ufadhili wa masomo katika idara za ujasusi za Marekani: mwongozo kwa mwanafunzi na wazazi wake

Jumapili moja nilikaa mezani na mpwa wangu, mbele yetu fomu ya usalama ya serikali ya Marekani, ile iitwayo SF-86. Ilikuwa nakala tupu, maana fomu hii iko wazi mtandaoni na mtu yeyote anaweza kuipakua akafanyia mazoezi. Tulifika kwenye orodha ya ndugu. Akanyanyua kalamu akaniuliza, "Mjomba, baba mkubwa naye naandika kwa baba?"

Lile swali lilitufunga saa nzima. Ndipo nilipotambua kwamba watoto wetu waliokulia Marekani, wenye akili nzuri na alama za juu, mara nyingi hawaangushwi na hesabu wala usaili. Wanakwamia kwenye karatasi za nyumbani, na karatasi hizo hazitengenezwi kwa wiki moja. Kwa hiyo mwongozo huu nauandikia familia nzima. Kijana atatuma maombi, lakini majibu ya nusu ya maswali anayo mama.

Kwanza, uraia

Idara za ujasusi za Marekani zinachukua raia wa Marekani tu. Kadi ya kijani, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, haitoshi, hata kama umeishi huko miaka kumi na mitano.

Hata hivyo, wapo vijana ambao tayari ni raia na hawajui. Sheria iliyoanza kutumika Februari 2001 inasema mtoto mwenye kadi ya kijani, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi wake, anakuwa raia moja kwa moja siku mzazi huyo anapoapishwa. Haapi yeye wala haletewi cheti. Mama anaporudi nyumbani na bendera ndogo mkononi, mtoto naye amekwisha kuwa raia, ila hana karatasi inayomthibitisha. Kama hali yako ni hiyo, omba pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia kupitia fomu N-600, na ufanye hivyo sasa, kabla hujafikiria kazi yoyote.

Uraia pacha siku hizi si kikwazo peke yake. Miongozo ya usalama iliyoanza kutumika mwaka 2017 inaangalia matendo yako zaidi ya rangi ya pasipoti zako, lakini unapoingia au kutoka Marekani tumia pasipoti ya Marekani. Jua pia kwamba unaweza kuwa na uraia wa pili bila kuuomba. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu mtoto wa Mkenya kuwa raia kwa kuzaliwa hata kama alizaliwa ng'ambo. Fomu itakuuliza, nawe ujibu kwa ukweli.

Kwa mvulana kuna jambo dogo ambalo limewafungia wengi mlango: Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Sheria inawataka wanaume wa miaka 18 hadi 25, raia na wahamiaji wakazi, wawe wamesajiliwa. Ukifika miaka 26 bila kusajiliwa, huwezi tena, na ajira za serikali kuu zinakuwa ngumu kweli kweli. Ingia kwenye tovuti yao uhakikishe jina lako limo.

Milango iko mingi kuliko CIA

Watu wakisikia ujasusi wanawaza CIA na mtu aliyevaa miwani myeusi. Jumuiya ya ujasusi ya Marekani ina taasisi 18, na wengi wa wafanyakazi wake hukaa ofisini wakisoma, wakipiga hesabu, wakiandika ripoti na kutunza mitambo. Anayependa hisabati na kompyuta aitazame NSA, idara inayonasa na kufumbua mawasiliano, iliyoko Fort Meade, Maryland. Anayesoma jiografia na ramani aitazame NGA, ambayo kazi yake ni picha za angani na ramani. Mhandisi wa satelaiti ana NRO, idara ya satelaiti za kijasusi. Anayesoma siasa, uchumi au lugha ana CIA, ana DIA, idara ya ujasusi wa kijeshi iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, na ana kitengo kidogo cha utafiti ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Mhasibu anahitajika FBI, idara ya upelelezi wa ndani, na Wizara ya Fedha, kwa sababu fedha chafu hufuatwa na mtu anayeelewa vitabu vya hesabu.

Ushauri wangu ni kuchagua kwa kufuata somo unalolipenda, jina la idara lifuate baadaye. Kijana anayechukia kompyuta akijilazimisha NSA kwa sababu ya posho, miaka ya mkataba itamwia mirefu.

Mafunzo kwa vitendo

Mafunzo haya yanalipwa mshahara, na kwa kawaida ni ya majira ya joto. Ya NSA huchukua wiki 12. Ya FBI, yaliyoanzishwa mwaka 1985, huchukua wiki 10. Programu nyingi zinadai GPA, yaani wastani wa alama za masomo, ya 3.0 au zaidi. Huko ndani mtarajali anapewa kazi halisi chini ya usimamizi, na akifanya vizuri mlango wa ajira unabaki wazi kwake, kwa sababu sehemu ngumu ya uchunguzi wa usalama juu yake imekwisha kupita.

Linalowashangaza wengi ni kalenda. Maombi ya majira ya joto hufunguliwa karibu mwaka mmodi kabla, na mengi hufungwa kati ya Agosti na Novemba. Anayesubiri Machi ili atafute nafasi ya Juni amechelewa kwa miezi mingi. Sababu ni uchunguzi: kabla hujaingia jengoni, serikali inahitaji muda wa kukujua.

Tovuti ya intelligencecareers.gov inakusanya nafasi za NSA, DIA, NGA na nyingine. CIA na FBI zina tovuti zao. Kwa CIA, unapotuma taarifa zako ni lazima uwe ndani ya Marekani au maeneo yake, kwa hiyo usitume ukiwa likizo kwa bibi Mombasa. Hakuna ada yoyote, katika idara yoyote. Mtu akikudai dola hamsini akusaidie kuingia, huyo ni tapeli.

Kisha kaa kimya. Idara hizi zinamwomba mwombaji asiwatangazie watu. Waambie wazazi wako na mwenzi wako kama unaye, basi. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kama shangazi atafurahi kiasi gani. Najua ni vigumu kwetu, ambao habari njema ya mmoja ni ya wote, lakini hapa kimya ndiyo alama ya kwanza wanayokupima nayo.

Ufadhili: soma mkataba kabla ya kiasi

Hapa naomba mzazi akae karibu. Ufadhili wa aina hii una malipo, na malipo yake ni miaka ya kijana. Serikali inakusomesha, nawe unaifanyia kazi kwa muda uliokubaliwa. Ukiondoka kabla, unarudisha fedha.

Ufadhili wa Stokes unabeba jina la Louis Stokes, mbunge wa Ohio, na ulianzishwa mwaka 1986. NSA huutoa kwa wanafunzi wanaomaliza sekondari na wanaokwenda kusoma sayansi ya kompyuta au uhandisi wa kompyuta na umeme. Umekuwa ukilipia ada hadi dola 30,000 kwa mwaka, pamoja na mshahara na kazi ya wiki 12 kila majira ya joto. Dirisha la maombi limekuwa Septemba na Oktoba, wakati kijana ndiyo kwanza anaanza mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Sharti la utumishi ni mara moja na nusu ya muda uliosomeshwa.

Piga hesabu hiyo kwa kidole. Umesoma miaka minne, unadaiwa miaka sita. Umeanza chuo na miaka 18, umemaliza na 22, utakuwa huru na 28. Kwa kijana anayeipenda kazi hiyo, sita ni mwanzo mzuri wa maisha bila deni la chuo. Kwa anayeota kuwa daktari au kurudi Arusha kufungua biashara, sita ni mingi. CIA nayo ina ufadhili wake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye uhitaji wa kifedha, na sharti lake ni hilo hilo la mara moja na nusu.

SMART, wa Wizara ya Ulinzi, ni kwa masomo ya sayansi, uhandisi, hisabati na teknolojia. Ufadhili huu hulipa ada yote na kutoa posho ya kati ya dola 30,000 na 46,000 kwa mwaka kulingana na ngazi ya shahada. Utumishi wake ni mwaka kwa mwaka. Maombi huanza Agosti mosi na kufungwa mwanzoni mwa Desemba. Kazi yake hufanyika kwenye maabara na vituo vya wizara, na baadhi ya vituo hivyo ni vya ujasusi.

CyberCorps ni ufadhili wa usalama wa mtandao unaosimamiwa na taasisi ya taifa ya sayansi, NSF, na ndio ninaowashauri wenye kadi ya kijani wauangalie, kwa kuwa unakubali wakazi wa kudumu. Huombi serikalini moja kwa moja. Unaomba kupitia chuo kinachoshiriki, kwa hiyo uchaguzi wa chuo ndio mlango wenyewe. Ufadhili wenyewe hulipa ada kwa hadi miaka mitatu, na posho imekuwa dola 27,000 kwa mwaka wa masomo kwa shahada ya kwanza na 37,000 kwa shahada za juu. Utumishi ni sawa na muda wa ufadhili. Lakini kazi unaitafuta wewe mwenyewe, na usipotimiza utumishi ufadhili unageuka mkopo. Tena, kazi nyingi za ujasusi bado zitamtaka raia. Mwenye kadi ya kijani asisaini bila kumuuliza mratibu wa chuo maswali mawili: wahitimu wenu wa mwaka jana wako wapi, na wangapi kati yao hawakuwa raia?

Boren ni wa namna nyingine. Ulitokana na sheria ya mwaka 1991 ya Seneta David Boren wa Oklahoma, nao humpeleka mwanafunzi ng'ambo kujifunza lugha ambazo Marekani inazihitaji. Kiasi kwa shahada ya kwanza kimefikia dola 25,000, na utumishi ni angalau mwaka mmoja katika kazi ya serikali inayohusu usalama wa taifa. Sheria inakataza idara za ujasusi kumtumia mwanafunzi huyu kwa muda wote wa ufadhili, na hilo ni ulinzi kwake na kwa wenyeji wanaompokea. Kiswahili kimo kati ya lugha zake. Chini ya mpango wake wa lugha za Afrika, wanafunzi wamekuwa wakianzia Chuo Kikuu cha Florida kisha wakaenda Arusha.

Hapo nasema na kijana wa Kiswahili cha jikoni, anayeelewa mama akisema "niletee mwiko" lakini akipewa gazeti anakwama aya ya kwanza. Una msingi ambao mwenzako atautafuta miaka mitatu. Uinue. Soma magazeti, sikiliza taarifa ya habari, andika. Kuelewa lugha sebuleni ni jambo moja; kuisoma hotuba ya waziri na kutambua alichokikwepa ni kazi ya taaluma.

Fomu, na meza ya Jumapili

Nirudi kwa mpwa wangu. Fomu ya SF-86 ina kurasa zaidi ya mia moja. Inataka mahali pote ulipoishi kwa miaka kumi, kazi na shule za miaka kumi, na safari za nje na watu wa nje kwa miaka saba. Kwa miaka mitatu ya mwisho, kila ulipoishi inamtaka mtu anayekumbuka ulikuwepo. Mwanafunzi aliyehama bweni kila mwaka ana kazi ya kufanya.

Sehemu ya ndugu inatumia ukoo wa Kizungu. Baba ni aliyekuzaa, mlezi ni mlezi, na kaka na dada ni wa tumbo moja au wa mzazi mmoja. Baba mkubwa kwao ni mjomba tu, na mjomba hayumo kwenye orodha ya ndugu wa karibu. Lakini huyu baba mkubwa ndiye aliyemlea mpwa wangu kabla hajasafiri. Basi kama alikuwa mlezi wake, anaandikwa kwa ulezi. Kama ni mtu wanayepigiana simu kila mwezi na ni raia wa nchi nyingine, anaandikwa kwenye sehemu ya mawasiliano ya nje, ambako fomu inauliza kuhusu watu mnaofungamana kwa mapenzi, wajibu au maslahi. Mama mdogo vivyo hivyo. Binamu uliyekua naye ukamwita kaka miaka yote, usimwandike kaka. Mchunguzi akigundua baadaye kwamba "kaka" huyo ana wazazi wengine, ataanza kujiuliza ni kipi kingine si sahihi.

Tarehe za kuzaliwa zilitutoa jasho. Bibi yake hana cheti. Familia nyingi zilizopitia kambi za wakimbizi zina watu watano waliozaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu ndiyo tarehe iliyojazwa pale isipojulikana. Andika tarehe iliyo kwenye hati, weka alama ya makadirio palipo na nafasi hiyo, na eleza kwenye kisanduku cha maelezo. Fanya hivyo pia kwa majina: kama mama aliandikwa jina la babake kwenye pasipoti moja na jina la mume kwenye nyingine, yaorodheshe yote.

Halafu kuna fedha. Fomu inauliza kama umewahi kumsaidia kwa fedha mtu ambaye si raia wa Marekani. Kwetu sisi hili ni swali la kila mwezi. Ada ya mdogo wako, dawa ya babu, harambee ya msiba: hayo yote ni msaada. Si kosa wala aibu, na wachunguzi wamezoea kuyaona kwa familia za wahamiaji. Kosa ni kuyaficha. Toa kumbukumbu za M-Pesa au za kampuni uliyotumia, ujue kiasi na mpokeaji. Kama mzazi alinunua kiwanja kijijini akakiandika kwa jina lako ukiwa na miaka tisa, nacho ni mali yako ng'ambo. Hapa ndipo mama anapoulizwa, tena bila haraka.

Chukua daftari moja. Upande mmoja andika anwani na tarehe, upande wa pili watu: jina kamili, uraia, kazi yake, mlionana lini mwisho. Anza ukiwa kidato cha mwisho cha sekondari. Hakuna njia nyingine ninayoiamini.

Bangi, madeni na kusema kweli

Bangi imehalalishwa katika majimbo mengi, na hapo ndipo vijana wanapoumia. Kwa serikali kuu bado ni kosa. FBI haimkubali aliyeitumia ndani ya mwaka mmoja kabla ya maombi. Kama uliwahi, acha, subiri muda upite, na uliseme. Fomu yenyewe inauliza miaka saba nyuma.

Deni la chuo si tatizo. Tatizo ni deni ulilolitelekeza. Simu, hospitali, kadi ya benki: angalia taarifa yako ya mikopo, na lililochelewa panga kulilipa hata kidogo kidogo. Mtu mwenye mpango wa malipo anaeleweka kuliko mtu aliyekimbia.

Kusema uongo kwenye fomu hii ni kosa la jinai linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka mitano. Mambo mengi ya ujana yanasameheka, kwa sababu mchunguzi anapima umri wako wakati ule, muda uliopita na kama umebadilika. Uongo wa juzi hauna cha kupunguziwa. Baada ya fomu, idara kadhaa zitakuweka kwenye mashine ya kupima uongo. Usitafute mbinu za kuishinda kwenye YouTube. Lala vizuri, kula, na ujibu ulivyojibu kwenye daftari lako.

Kabla hujabonyeza kutuma

Jiulize pia ni milango gani utaifunga. Mtu aliyewahi kufanya kazi CIA hakubaliwi kabisa kujitolea Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu wa kujitolea ng'ambo, na aliyetoka Peace Corps anasubiri miaka mitano kabla ya kuomba CIA. Kijana mwenye ndoto zote mbili lazima achague ianze ipi. Na kama dhamiri yako haitulii na baadhi ya kazi za idara hizi, zungumza na wazazi na walimu wako sasa, ukiwa bado huru kusema hapana bila kudaiwa dola hata moja.

Ukishatuma, kimya kinaweza kuwa cha miezi, hata kuzidi mwaka. Endelea na maisha: omba nafasi nyingine, kubali kazi nyingine ya majira ya joto, maana ofa ya awali si ajira mpaka kibali cha usalama kitoke. Muda wote huo daftari libaki wazi. Ukihama bweni, andika. Ukienda harusi Nairobi, andika tarehe ya kwenda na ya kurudi. Mpwa wangu sasa ana kurasa kumi na moja, na wiki iliyopita alimpigia baba mkubwa kumuuliza mwaka aliozaliwa. Walizungumza karibu saa mbili.